Mwanangu Haingii Ndani ya Kopo

Ikoni, Mei 1999

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla hofu haijaniharibia jambo ambalo nimeshalishinda nusu yake. Nakuandikia kwa Kiswahili nilichokisoma Unguja, nilikokaa kwa mama mkubwa hadi nikamaliza shule, na hapa nilipo Kiswahili wanakijua wazee na wafanyabiashara wachache tu, kwa hiyo hata mtu akisimama nyuma yangu ofisini hawezi kujua ninaandika nini, nami nashukuru. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, karani wa masijala katika ofisi moja ya Moroni, na kwetu ni Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Bila shaka umesikia redioni kwamba Nzwani imejitenga na visiwa vingine, lakini redio haisemi habari za sisi Wanzwani tuliobaki upande huu wa Ngazija, ambao tuko kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni, akivuta anaumia na akiacha anaumia.

Mwezi uliopita vijana waliingia mitaani wakitafuta Wanzwani nyumba kwa nyumba, na chumba nilichokuwa nimepanga Moroni mwenye nyumba akaniomba nitoke, si kwa ubaya, alikuwa analia. Nikaenda kwa mjomba wangu Houmadi, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka mkate vijijini kwa gari kuukuu, lile boksi la Renault lenye mlango wa nyuma, na kwa kuwa akifika Fumbuni usiku humkuta huko, mjomba aliligeuza gari hilo nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Aling'oa nusu ya rafu za mkate akatengeneza kitanda kwa mbao za makasha ya bidhaa, chini ya kitanda akaweka masanduku matatu yenye vifuniko, akatoboa ubavu akatia kioo cha kabati lililovunjika, na kwenye rafu zilizobaki akaweka jiko la mafuta na vyombo. Tulilala humo sisi wawili, leo nyuma ya msikiti wa kijiji fulani, kesho shambani kwa mtu, na kila tulipoondoka mjomba alininong'oneza, 'Usiache hata ganda la ndizi. Wasijue kuwa tulilala hapa.' Basi nikawa naokota kila kitu, maganda, makopo, karatasi, mifupa ya samaki, nakisukuma kwenye sanduku la tatu chini ya kitanda.

Hali ilipotulia mjomba aliamua kurudi Mutsamudu kwa boti, nami nikakataa kuondoka. Nakuambia hili kwa sababu mimi ni mwoga tangu utotoni, naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa mkuu wa ofisi akikohoa, na siku ile bandarini nilisimama nikasema sitoki, mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Mkuu wangu aliniambia meza yangu ipo na nirudi kazini. Na sababu ya pili ni Fouad. Huyu ni fundi wa redio mwenye kibanda Badjanani, mtaa wa Moroni, karibu na Msikiti wa Ijumaa wa zamani, ni mtu wa Ikoni hasa, mji jirani na Moroni, na katika siku zile alikuwa akitutafuta kokote tulikojificha akituletea maji na mkate, akisema kwa mzaha kwamba mwuza mkate kununuliwa mkate ni dalili ya kiama. Ameniposa. Mjomba alikubali, mama kule Mutsamudu amekubali, na kabla ya kupanda boti mjomba alinipa ufunguo wa gari akasema, 'Mwanamke hakai nyumba ya mtu. Nyumba yako huwezi kuifikia, basi hii ndiyo yako mpaka njia ifunguke.' Bibi Zaitoun, mjane wa hapa Ikoni anayemjua mjomba miaka mingi, akanipa nafasi uani kwake, kati ya migomba na ukuta, na ndipo gari lilipo.

Labda unajua, mshauri, kwamba kwetu visiwani mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke, baba humjengea binti yake, na siku ya harusi bwana harusi huingia nyumbani kwa bibi harusi kwa ngoma na vigelegele, na kabla ya siku hiyo wanawake wa upande wake huja kuiona. Mimi nyumba ninayo. Iko Mutsamudu chini ya ngome, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hubana ukutani, baba aliijenga akaimaliza kabla ya kufa, mama anaifagia kila siku akiningoja. Lakini Fouad hawezi kuingia nyumba iliyo Mutsamudu wakati huu, wala mimi siwezi kuileta hapa. Kwa hiyo nyumba yangu ya kuolewa ni gari la mkate.

Wiki iliyopita mama yake Fouad, Bi Bahia, alikuja bila taarifa, pamoja na wifi yake Bi Kamilia, yaani shangazi yake Fouad. Mimi nilikuwa nafua. Bi Bahia hakuvua viatu wala hakusema hodi, alikanyaga ukingo wa mlango wa nyuma kwa ndala zake, akaingiza kichwa, na hapo mshauri mende alitoka chini ya kitanda akapita juu ya shuka taratibu kama mwenye mali. Bi Kamilia akafungua sanduku la tatu. Sitaki kukueleza harufu. Bi Bahia akajitoa, akajipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu, akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, 'Mwanangu haingii ndani ya kopo. Na kopo lenyewe halijaoshwa.'

Kisha akanivuta kando, na hapo hakuwa mkali tena, jambo lililonitisha zaidi. Akaniambia, 'Mwanangu, kwako ni mbali, si kosa lako. Njoo uolewe kwangu, nina chumba cha uani.' Akaongeza kwamba baada ya Maulidi watakuja tena, yeye na wifi zake, na wakikuta hali ni hii basi itakuwa chumba cha uani au hakuna harusi. Rafiki yangu wa ofisini, Lamia, anasema nikubali, chumba ni chumba. Bibi Zaitoun naye anasema, 'Mwanamke aliyeolewa ukweni, mume akimuudhi atamtoa kwa mlango gani?' Fouad nilipomwuliza alisema yeye ataingia hata ndani ya mtungi mradi mimi nimo, jibu zuri lakini halinisaidii kitu.

Sasa utaniuliza, kwa nini msichana msomi, karani anayejua kila faili lilipo, anaishi na taka chini ya kitanda. Mshauri, nimejaribu kuzitoa. Majirani hapa hubeba ndoo zao mchana hadi kwenye mawe meusi ya pwani, wanatupa, wanarudi wakizungumza. Mimi nikishika ndoo nafika kwenye migomba, nasikia watu, narudi. Naogopa mtu aseme Mnzwani anatuchafulia pwani yetu. Tena humo kuna gunia. Mama alinitumia shiromani ya harusi, lile vazi la wanawake wa kwetu, na ubani na karafuu, vyote kwenye gunia la bandarini lililoandikwa MUTSAMUDU kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama mlango, na gunia hilo siwezi kulitupa pwani likaelea huku na huku likitangaza jina, wala siwezi kulichoma kwa sababu limetoka kwa mama. Kwa hiyo limo sandukuni pamoja na taka, na juu yake nimeweka ufagio, sabuni, tambara la kudekia na chupa ya mafuta ya taa, maana hakuna pengine pa kuviweka, na sanduku la pili ndilo la mchele. Juzi nilimpikia Fouad, akala barazani kwa Bibi Zaitoun, akaniuliza kwa upole kama mchele wa siku hizi unatoka shambani au kituo cha mafuta.

Naogopa kwenda kwa Bi Bahia na naogopa kubaki. Naogopa nikisafisha nitaonekana nasafisha. Niambie nifanye nini na hizi taka, kwa sababu naona kila kitu kimekaa juu yake.

Wako,
Mwenye hofu, Ikoni


JIBU

Mwanangu wa Ikoni,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimeinuka kufungua dirisha.

Kwanza pole. Kufukuzwa chumba na mtu anayelia ni kufukuzwa vile vile, na aliyelala siku nyingi nyuma ya misikiti ya watu ana haki ya kuogopa radi. Pili hongera. Umekataa boti mbele ya mjomba, umeposwa na mwanamume aliyekutafuta ukiwa mafichoni, na una nyumba yenye mlango na ufunguo mkononi mwako. Wapo wasichana hapa mjini wenye maghorofa ya baba zao ambao hawana hata kimoja katika hivyo. Basi acha kujiita mwoga. Wewe ni mchafu, na uchafu una dawa.

Usinune. Nakugombeza kama ningemgombeza binti yangu. Mjomba wako alikwambia msiache hata ganda la ndizi, na kwa siku zile alisema kweli. Lakini siku zile zimepita na wewe bado unaishi kama mtu wa kuondoka alfajiri. Anayeficha taka zake ni mpita njia. Mwenye nyumba hutoka mchana kweupe, leso kiunoni, ndoo mkononi, anawasalimu majirani, anamuuliza huyu habari za mtoto na yule habari za mguu, anamwaga, anarudi. Unadhani majirani hawajui wewe ni nani? Ukifungua kinywa kusema hujambo wanajua, maana lahaja ya Nzwani haifichwi sandukuni. Ikoni nzima inakujua. Kitu wasichokijua ni kama unakaa au unapita, na ndoo yako ndiyo itakayowaambia.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa utaratibu huu. Chagua siku ya jua. Toa kila kitu nje, na nikisema kila kitu sisemi vitu vya aibu tu, nasema na godoro, utandike mikeka ya Bibi Zaitoun kati ya migomba uvianike. Ndiyo, utaonekana unasafisha. Hujawahi kusikia mtu akasemwa kwa kuonekana anasafisha. Masanduku yote matatu yapanguse kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa maji ya ndimu, uyaache wazi juani hadi mbao zilie zikikauka, ndipo ufukize ubani wa mama yako ndani ya gari huku milango imefungwa. Mende hawapendi ubani, na wakwe wanaupenda.

Ukirudisha vitu, usirudishe kama ulivyovitoa. Chini ya kitanda pakae vitu ambavyo mgeni akivifungua hutatahayari: nguo, shuka, mchele na nafaka katika madebe yenye vifuniko. Vifaa vya usafi visilale ndani hata kidogo. Huyo Fouad wako anayetaka kuingia kwenye mtungi, mwambie aanze kwa kugongomea kijisanduku nje, ubavuni mwa mlango wa nyuma, chenye paa dogo la bati na kitasa, humo mkae sabuni, brashi na tambara, na ndoano mbili za kutundika ufagio na ndoo. Mafuta ya taa yapate mahali pao pa peke yao, kivulini, mbali na jiko na mbali na mchele. Fundi wa redio anaweza kushika nyundo. Bwana harusi aliyepigilia msumari kwenye nyumba atafikiri mara mbili kabla ya kuiita kopo, na mama yake ataambiwa na watu nani aliupigilia.

Taka nazo zitenge zikiwa bado mkononi, maana ukishazichanganya hutazitenga tena. Maganda, mabaki na mifupa vina debe lao, na debe hilo liwe dogo. Watu wenye nyumba ndogo hukosea hapa, hutafuta debe kubwa ili wapumzike kulimwaga, na taka zikipumzika huzaa. Debe dogo litakulazimisha. Lifunike, litundike nje na si chini ya kitanda, na kila siku limwage katika shimo utakalochimba nyuma ya migomba kwa idhini ya Bibi Zaitoun, ufukie kwa udongo. Migomba itakushukuru kabla ya mwaka kwisha. Makopo yaoshe uyapondeponde yawe bapa, chupa ziweke upate za kuazima watu, karatasi ziwashie jiko la mkaa la bibi. Baada ya hapo utaona kilichobaki cha kubeba nje ni kidogo mno. Hicho usikipeleke kwenye mawe ya pwani. Muulize Bibi Zaitoun wazee wa mtaa walikuwa wakichoma wapi, ukipeleke huko. Wala usimfundishe mtu. Mgeni anayewahubiria wenyeji habari za bahari yao atajibiwa asichopenda. Wewe fanya tu kwa macho yao.

Kuhusu gunia. Mwanangu, ulinipa habari moja kisha ukaipita mbio: kwamba mama yako anafagia nyumba kila siku kwenye kile kichochoro cha watu kubana ukutani. Nakuuliza, taka za nyumba ile zinatokaje? Zinabebwa kwa mkono, kichochoro kizima, mbele ya kila mlango, na hakuna anayezificha kwa sababu hakuna pa kupita kwingine. Wewe ni mtoto wa kichochoro hicho. Basi gunia lile lifue mara tatu, lianike, ulikunje mara mbili, na ulitandaze chini ya mlango wako wa nyuma liwe zulia la kupangusia miguu. Jina likae juu au chini, hilo nakuachia wewe. Sikuambii ujitangaze barabarani, na vijana wakitoka tena na fimbo usimwonyeshe mtu ushujaa, funga gari, ingia ndani kwa Bibi Zaitoun, ukae huko mpaka wapite. Lakini mlangoni kwako, ndani ya ua wa mtu aliyekupokea, jina la kwenu lina haki ya kulala juani.

Chumba cha uani usikikubali. Bibi Zaitoun amesema kweli na sina la kumzidi. Ila usimkatae mama mkwe kwa kiburi, kwa sababu yule mama alikuvuta kando kabla ya kukuambia habari za chumba, na mtu mbaya angekuambia mbele ya majirani. Mwambie, 'Mama, chumba chako nitakilalia nikija kukutembelea.' Kisha wakija baada ya Maulidi, usiwaombe radhi kwa udogo wa nyumba. Wafungulie, ukae pembeni, unyamaze. Nyumba iliyopangwa ina mdomo wake.

Mshauri wako


Jibu hilo mimi mshauri nilimkabidhi mfanyabiashara wa visiwani aliyeniletea barua yake, maana gazeti hili lingemfikia Maulidi yameshasomwa, nikasema sitalichapa mpaka nijue limezaa nini. Mwenyewe ametoa ruhusa. Haya ndiyo majibu yake.


Mpendwa mshauri,

Nimefanya kama ulivyosema, isipokuwa kuponda makopo, hayo aliyaponda Bibi Zaitoun mwenyewe kwa mchi, akisema kila kopo analiita jina la mtu aliyewahi kumuudhi.

Siku ya kwanza kutoka na ndoo nilirudi mara mbili kutoka kwenye migomba, ya tatu nikapita. Nilikuwa nimevaa leso kiunoni kama ulivyoagiza. Palikuwa na wanawake wanne pale kwenye mawe, na mmoja wao, Mounira, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, akanitazama mimi, akatazama ndoo, akasema, 'We Mnzwani, kumbe na wewe hutoa taka. Sisi tulidhani unazila.' Wenzake wakacheka. Mshauri, sijui maneno yangu yanatoka wapi siku hizi, nikamjibu, 'Nilikuwa naziweka akiba, sasa zimeshakuwa nyingi.' Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mounira akaniuliza mbona napita, situpi pale, nikamwambia naenda kuchoma kule nyuma ya ukuta, Bibi Zaitoun amenionyesha. Kesho yake nilimkuta kule na ndoo yake, akaniambia pale pwani upepo umekuwa mbaya.

Fouad alitengeneza kijisanduku cha nje. Kimeinama upande mmoja na kitasa chake ni cha redio, lakini kinafunga, na vifaa vyote vimeingia. Alipigilia misumari mchana, na nyundo yake ilisikika mtaa mzima, nadhani alifanya makusudi. Shiromani niliianika hadi harufu ikaisha, ikabaki ya karafuu. Sanduku la tatu ndilo nililoiwekea.

Basi baada ya Maulidi walikuja. Bi Bahia, Bi Kamilia, na wengine watatu, na nyuma yao majirani waliokuja kuona, na Mounira mbele yao wote. Nilifungua mlango nikakaa pembeni. Bi Kamilia alitangulia. Akafungua sanduku la kwanza, shuka. La pili, madebe ya mchele, akafungua debe moja akanusa, akanusa tena. Akaenda la tatu moja kwa moja kama mtu aliyelingojea miezi, akaliinua, harufu ya karafuu na ubani ikatoka ikajaa gari zima. Akakaa kitandani akaanza kutafuta kwa macho.

'Taka ziko wapi?' akauliza.

Nikamwonyesha debe dogo nje, kwenye ndoano. Akatoka, akafunua kifuniko, lilikuwa tupu, limeoshwa. Akasema, 'Leo umemwaga kwa sababu ya kutungoja.' Kabla sijajibu Mounira alimjibu yeye. 'Leo na jana na juzi,' alisema. 'Huyu tunatoka naye na ndoo kila siku. Kama hamwamini muulizeni mguu wangu, ndio unaonilalamikia ile njia.'

Bi Bahia alikuwa bado amesimama nje, na mimi nilikuwa natazama miguu yake tu. Alikuwa mbele ya gunia. Nililiweka jina juu, mshauri, niligeuza mara nyingi asubuhi ile, na mwisho nikaliacha juu. Bi Bahia hasomi. Akamwuliza wifi yake, 'Hapa pameandikwa nini?'

Bi Kamilia aliinama akatazama. Akasema, 'Mutsamudu.'

Nilisikia kuku wa Bibi Zaitoun wakiparua chini ya migomba. Bi Bahia alitazama gunia, akatazama kile kijisanduku kilichoinama cha mwanawe, akanitazama mimi.

'Kumbe,' alisema, 'mtu hufika Mutsamudu bila kupanda boti.'

Kisha akapiga hodi, akavua ndala zake moja baada ya nyingine, akaziweka pembeni mwa gunia zikitazama nje, ndipo akaingia.

Harusi ni mwezi ujao. Fouad ameambiwa na mama yake aoge vizuri kabla hajaingia.

Wako,
Mwenye nyumba, Ikoni